Kitambaa Chekundu Juu ya Kichuguu

Mimi masomo nilikaa miaka miwili tu, na katika miaka hiyo kitu nilichokijua vizuri kuliko vyote ni kichwa cha kijana mmoja aliyetoka upande wa Fizi. Alikuwa mrefu, mabega mapana, amekuja kusoma akiwa karibu kuota ndevu, na mwalimu akamweka kwenye benchi lililo mbele yangu. Mimi nilikuwa benchi la mwisho, karibu na mlango wa mbuzi, maana nyumba ile Jumapili ilikuwa kanisa, siku nyingine masomo, na jioni mbuzi wa katekista waliingia humo kulala. Ubao nilikuwa siuoni. Niliona mapunye. Yalikuwa matatu, moja kubwa kama kipande cha sabuni na mawili madogo, na hata leo ukinipa mkaa naweza kuyachora ukutani, kila moja mahali pake. Mwalimu akiandika neno, mimi napata nusu ya kulia au nusu ya kushoto, inategemea kijana ameegemea wapi. Kijana mwenyewe hakuwa mbaya. Alinigawia muhogo wa kuchoma mara nyingi. Lakini alikuwa mpana.

Mwisho wa mwaka wa pili baba akaniuliza:

—Sasa mutoto, umejua nini?

—Baba, mi najua kichwa ya mutu wa mbele.

Nilidhani atanipiga. Baba alicheka mpaka akakohoa, kisha akanipa panga na kusema twende tukatafute fito za nyumba. Hivyo ndivyo nilivyomaliza masomo, bila karatasi, bila machozi. Sijutii sana. Najuta kidogo siku za barua.

Tulikaa Lweba, pale ziwa linapokuja karibu na mashamba hata unaweza kusikia mawimbi huku unapalilia. Baba alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mtumbwi wake ulikuwa mzee, umezibwa nyufa na matambara na utomvu, na mama alisema kwamba siku moja tutaanza kuvua kutoka ndani ya matambara yenyewe. Nitarudi kwenye huo mtumbwi, maana bila huo hakuna habari ya kueleza.

Nilipokuwa mkubwa kidogo nilipata kazi ya kupasua mbao kwenye misioni. Kazi yenyewe ni hivi: gogo linawekwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu na msumeno, mwingine chini shimoni anavuta. Wa juu anaona mstari. Wa chini anakula unga wa mbao. Nadhani mmeshajua mimi nilikuwa wapi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwaka kamili msiniulize. Wabelgiji walikuwa bado wapo, na barabara ya kupanda Fizi ilikuwa inalimwa kila msimu na watu wa vijiji, kapita, yaani msimamizi, akisimama mbele yao na fimbo. Siku hizo ndipo alipokuja mwalimu mwanamke. Alitoka upande wa Uvira, mtu wetu, mweusi kama sisi, amefundishwa na masista. Alifika Lweba juu ya baiskeli. Nakumbuka mama yangu aliacha kutwanga, akatoka na mchi mkononi kuwaita wenzake waje waone kinga, ndivyo tulivyoita baiskeli.

—Bamama, kuyeni! Mwanamuke juu ya kinga!

—Na nguo yake haishikwe na minyororo?

—Ameifunga na kamba. Angalieni akili!

Yule mwalimu aliposhuka aliwasalimu wote, mmoja mmoja, akiinama mbele ya wazee kama binti wa nyumbani, na hapo nusu ya maneno mabaya yakafia mdomoni. Alisema anataka wasichana kila Jumamosi baada ya saa sita. Wazazi wakauliza kwa nini. Akasema kushona. Ilikuwa kweli, walishona. Lakini kushona kulikuwa kama chumvi tu, mboga yenyewe ilikuwa nyingine.

Mboga yenyewe ni hii. Kila juma msichana mmoja alikuwa mkubwa wa wenzake. Alivaa kitambaa chekundu kichwani, kimoja tu, walikipokezana. Yeye ndiye anapanga nani achote maji, nani afagie, nani aangalie watoto wadogo waliokuja na dada zao. Wakigombana, yeye anawakalisha. Na Jumamosi inayofuata, kabla ya kuvua kitambaa, anasimama mbele ya wote na kusema nini kilienda vizuri na nini yeye mwenyewe aliharibu. Hilo la mwisho liliwashinda wengi. Kuna mmoja alisimama akalia tu, akakaa, wakampigia makofi.

Dada yangu mdogo alikuwa na miaka kumi na sita au kumi na saba. Zamani alikuwa msichana wa kunong'ona. Ukimwita anajibu ndani ya shingo. Baada ya miezi michache ya ile Jumamosi akaanza kutuharibia raha nyumbani. Jioni tunakula, yeye ananigeukia mimi, yaya wake, yaani kaka mkubwa, anauliza:

—Na weye yaya, leo uliharibu nini?

—Mi sikuharibu kitu.

—Kuni ulisema utaleta, iko wapi?

Baba alikuwa anaficha kicheko ndani ya bugali. Mimi nilikasirika. Mwanaume mzima, nimetoka shimoni, unga wa mbao mpaka masikioni, naulizwa habari ya kuni na mtoto mwanamke! Lakini kuni sikuwa nimeleta. Kesho yake nilileta.

Sasa niwaambie habari ya gogo. Siku moja mwalimu aliwaambia wasichana wachukue gogo refu karibu na shimo letu, walipeleke mpaka kibanda chao, lipasuliwe benchi. Juma hilo kitambaa kilikuwa kwa dada yangu. Akasimama mbele kabisa, kama kila mkubwa niliyewahi kumwona, kama kapita wa barabara, kama shefu wa kijiji akipita na askari wake. Akasema twende. Wakaliweka gogo mabegani, wakaenda. Alipofika kwenye mfereji akaruka, akasema simameni. Wa mbele wakasimama, wa nyuma wakaendelea, gogo likapinda, likaanguka, likamgusa msichana wa mwisho kidole gumba cha mguu. Alilia kwa sauti ya ng'ombe. Mimi na mwenzangu wa msumeno, tuliokuwa tumeacha kazi kutazama, tulicheka mpaka nikameza unga.

Mwalimu hakugomba. Alimkalisha yule msichana, akaangalia kidole, akakifunga. Halafu akamuuliza, wote wakisikia:

—Mutoto, weye ulikuwa mwisho. Ulikuwa unaona nini?

—Matako ya mwenzangu, mama mwalimu.

Hapo hata mwalimu alicheka. Akasubiri kicheko kiishe.

—Na mukubwa wako, ulimuona?

—Hapana. Nilisikia tu benzangu banasimama.

Akamgeukia dada yangu, wala si kwa ukali:

—Umesikia? Kazi ya mukubwa haiko kuwa mbele. Kazi yake ni kusimama pahali ule wa mwisho anamuona.

Walirudia mchana wote. Dada yangu alipanda juu ya kichuguu kilichokuwa kando, akavua kitambaa, akakishika mkononi. Kitambaa juu, tembea. Kitambaa chini, simama. Gogo likafika. Mimi nilirudi shimoni, nikawa navuta msumeno, na sijui kwa nini, nikaanza kufikiri habari za mapunye.

Siku hizi, wajukuu wakiniuliza kwa nini nawapa mbao bure mabinti wa parokia wanapotaka kutengeneza viti vya mikutano yao, na mimi hata nauli ya pikipiki ya kwenda Baraka natoa kwa kununa, nawaambia ni uzee. Si uzee. Ni benchi la gogo lile.

Haya. Sasa aingie mwanaume aliyemtaka dada yangu.

Alitoka Kazimia. Kazi yake ilikuwa kuimbisha watu wakivuta mitumbwi. Mtumbwi mkubwa kwetu unachongwa kule mti ulipoanguka, juu milimani, na ukiisha kuchongwa watu wanaufunga kamba na kuuvuta mpaka ziwani, siku nzima, wakati mwingine siku mbili. Bila wimbo hauendi. Mwimbishaji anapanda juu ya pua ya mtumbwi, anasimama pale akivutwa kama shefu, uso wake ukitazama ziwa. Hageuki nyuma hata kidogo. Wazee walisema akigeuka, mtumbwi utakumbuka msitu na hautapenda maji. Na wanawake wanapika, wanaleta maji, lakini kamba hawagusi mpaka pua ya mtumbwi ilambe ziwa.

Huyo mwanaume alikuwa hodari. Aliitwa kila kijiji cha pwani. Akitoa sauti, bamama wanaacha sombe, kisamvu chetu, inaungua. Alivaa koti la kizungu hata jua likiwa kali, na alikuwa na meno mazuri. Akamwona dada yangu, akampenda, akaleta mbuzi wa kwanza, na dada yangu hakukataa. Nasema kweli, alimpenda kidogo. Nani asingempenda? Mimi mwenyewe nilimpenda kuliko dada, maana alinipa kofia. Kofia ngumu, yenye ukingo, kama ya karani. Nilivaa kofia ile shambani, nilivaa nikila, mama akasema nitazaliwa upya nayo.

Matata yalianza pale mwalimu alipokuja kumwona baba. Alisema wakati wa likizo atawakusanya wasichana kutoka Lweba, Kazimia na vijiji vingine, wakae Baraka majuma matatu kwenye misioni kubwa ya huko. Wajifunze kuongoza wenzao vizuri, kusema mbele ya watu, kuandika majina na mambo ya mkutano, kutunza mgonjwa. Wakirudi, kila mmoja aanzishe Jumamosi kijijini kwake bila kumngoja mwalimu na baiskeli yake. Na kwa Lweba alimtaka dada yangu.

Yule wa Kazimia alisikia. Akaja jioni ileile, akakaa karibu na baba.

—Baba, mutoto anaenda Baraka kufanya nini? Kufundishwa kuamrisha? Akirudi ataniamrisha mie ndani ya nyumba yangu.

—Basi utaamka mapema, mama akasema kutoka jikoni.

—Mama, mi sicheki. Mi nataka kumuchukua mbele mvua haijaanza. Akienda Baraka, mi sitaki tena.

Baba akainua macho kuelekea milimani. Wakati huo fundi alikuwa amemaliza kumchongea mtumbwi mpya badala ya ule wa matambara, uko kule juu unangoja. Mtumbwi ule ulikuwa maisha yetu. Na mwimbishaji wa kuuteremsha alikuwa huyohuyo.

—Ngoja mutumbwi iingie maji kwanza, baba akasema. Siku italamba maji, siku ile mi nitasema neno moja. Baraka ao Kazimia.

Dada yangu alikuwa nyuma ya ukuta. Baadaye alinifuata kwenye mihogo.

—Yaya, unisemee kwa baba. Nataka kwenda Baraka. Yeye anaweza kuningoja majuma matatu, ziwa haitakauka.

—Nitakusemea.

Sikumsemea. Nilikuwa nimevaa kofia.

Siku ya kuvuta ilikuwa Jumamosi, na wasichana wa Baraka walitakiwa kuondoka Jumatatu. Tulipanda asubuhi, wanaume wa Lweba karibu wote, na wengine walioitwa na harufu ya nyama. Mama na wenzake walibaki chini kupika. Wasichana wa kitambaa walipewa kazi ya kutupelekea maji njiani, na juma hilo kitambaa kilikuwa tena kwa dada yangu. Mwalimu hakuwepo. Alikuwa Baraka anatayarisha mahali pa kulala.

Mtumbwi ulikuwa mzuri, mweupe ndani kama muhogo uliomenywa. Tukafunga kamba mbele za kuvuta, na kamba moja nyuma ya kuzuia, maana mteremkoni mtumbwi unaweza kukimbia na kuua watu. Mimi nikawekwa kamba ya nyuma, na kwenye kamba ile nilikuwa wa mwisho kabisa. Mtu wa Kazimia alipanda juu ya pua, koti limefungwa vifungo vyote, akatazama ziwa, akafungua mdomo.

Sitaki kumdhulumu. Ilikuwa kazi ya kupendeza. Anaita, tunaitikia, ardhi inatetemeka, mtumbwi unateleza juu ya migomba tuliyoilaza. Aliingiza majina yetu kwenye wimbo, akamtania baba kwa mtumbwi wa matambara, akawatania hata watu wa kwao Kazimia. Mpaka saa nne tulikuwa tumeacha msitu.

Halafu tukafika kwenye kijito. Pale mteremko unakuwa mkali, njia inapinda, na maji yanaanguka kwenye mawe kwa kelele. Mimi nyuma nilikuwa sioni kitu. Niliona mgongo wa mtu wa mbele, mgongo wenye jasho, na juu ya mgongo majani. Wimbo sikuusikia tena. Nilisikia maji. Kumbe huko mbele mwimbishaji ameita watu wasimame wapange migomba. Wa mbele wamesimama. Sisi tukadhani kamba imekaza kwa sababu wanavuta, tukawalegezea. Mtumbwi ukapata nguvu, ukateleza, ukageuza mkia, ukaenda kulala kwa upande ndani ya kijito. Mwimbishaji aliruka kabla haujafika. Aliangukia matopeni, koti na meno yote.

Hakuna aliyeumia. Lakini mtumbwi ulikuwa umekwama kati ya mawe mawili, na jua lilikuwa linapanda. Baba aliupapasa ubavuni kama mtu anayepapasa ng'ombe mgonjwa.

—Ikikaa hapa na hii jua, itapasuka, akasema. Polepole, kwa sauti ndogo.

Mwimbishaji alivua koti, akalitundika kwenye mti, akarudi kwenye pua.

—Ni batu ya nyuma banalala! Tena!

Tukavuta tena. Mbele wanavuta, sisi nyuma tunazuia. Kisha tunaachia, wao wamepumzika. Mtumbwi ukaingia zaidi kwenye mawe. Mara ya tatu tukasikia ubao unalia, kama kidole kinapokunjwa kikalia. Baba akapiga kelele tuache. Watu wakaanza kutukanana. Wa mbele wakatuita wake zao. Sisi tukawaita mengine ambayo sitayasema.

—Geuka basi utuone! mtu mmoja wa kamba yetu akamwambia mwimbishaji.

—Nigeuke? Unataka mutumbwi ya baba ikufe ndani ya maji? Mi sijageuka hata siku moja tangu nianze hii kazi.

Na alisema kweli. Hakuwa mvivu wala mjinga. Aliheshimu kazi yake kama alivyofundishwa.

Dada yangu alikuja na kibuyu cha maji, akaninywesha. Nilikuwa nimekaa chini, kofia imenivutia jasho machoni. Akaniuliza taratibu:

—Yaya, weye uko mwisho. Ulikuwa unaona nini?

Nilitaka kumwambia aniache. Lakini swali lile nililijua. Nililisikia siku ile ya gogo, nikacheka, nikameza unga.

—Mugongo, nikamwambia. Mi naona mugongo tu.

Aliweka kibuyu chini, akaenda kando ya kijito, pale palipokuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu, akapanda kwa magoti na mikono. Akasimama juu. Akavua kitambaa. Baba akamwona.

—We mutoto! Usiguse kamba!

—Baba, sigusi. Nasimama tu huku. Huku naona mbele na nyuma.

Kukawa kicheko. Mmoja akauliza kama anauza kitambaa. Mwingine akasema sasa mchwa wamepata malkia. Dada yangu alingoja kicheko kiishe, kama alivyofundishwa, kisha akamwita yule mwanaume wa Kazimia, kwa heshima, sauti ikitetemeka kidogo lakini ikatoka mdomoni, haikubaki shingoni.

—Weye imba, tafazali. Usigeuke. Mi nitabaonyesha tu wakati. Kitambaa juu, mbele banavuta. Kitambaa chini, banasimama, na ba nyuma banakaza.

Hapo ndipo mambo yalipogeukia. Nimeifikiria saa ile mara nyingi. Angeimba tu. Kazi ingekuwa ya wawili, na sisi wote tungemsifu yeye, maana sauti ndiyo inasikika. Naye aliangalia matope kwenye suruali yake, akaangalia wanaume, akakunja mikono.

—Mi siimbi chini ya kitambaa ya mwanamuke.

Akashuka kwenye pua.

Wanaume wakalegeza kamba. Dada yangu alibaki juu ya kichuguu, kitambaa kimelala mkononi, na nikajua sauti yake inarudi shingoni kama zamani. Alikuwa anamwangalia baba, na baba anaangalia mtumbwi. Sijui nani alininyanyua. Nilivua kofia, nikaiweka juu ya jiwe, nikashika mkia wa kamba, nikapaza sauti:

—Dada! Mi wa mwisho nakuona!

Mmoja mbele yangu akashika. Mwingine akasema tujaribu, nyama inapoa. Na wasichana wa vibuyu, pale kando ya maji, wakaanza wimbo wao wa kubebea gogo, wimbo wa kitoto kabisa, wa kuku aliyekataa kuvuka barabara. Wanaume wazima tukaitikia habari za kuku. Kitambaa kikapanda. Mbele wakavuta. Kikashuka. Tukakaza mpaka visigino vikachimba. Kikapanda tena. Mtumbwi ukageuza mkia kidogo, kidogo sana, ukatoka kwenye jiwe la kwanza. Baba alikuwa analia ama ni jasho. Kitambaa chini, kitambaa juu, na jiwe la pili likaachia.

Kutoka pale dada alitangulia kwenye kila mwinuko wa kando, kichuguu kwa kichuguu, jiwe kwa jiwe, akitafuta mahali ambapo mimi nitamwona. Wimbo wa kuku tuliuimba mpaka ukaota ndevu. Jua lilikuwa bado juu mtumbwi ulipotoka kwenye mihogo, ukashuka mchangani, ukaweka pua yake ndani ya ziwa. Bamama wakapiga vigelegele, wakatupa masufuria, wakaja kushika kamba sasa kwa kuwa iliruhusiwa.

Mzee mmoja, ndugu ya baba, hakufurahi.

—Mwanamuke ameamrisha mutumbwi. Hiyo iko mubaya.

Baba alikuwa amesimama majini mpaka magotini, mkono juu ya ubao.

—Kamba aligusa?

—Hapana.

—Alipanda juu ya pua?

—Hapana.

—Basi. Alisimama juu ya nyumba ya mchwa na kutikisa kitambaa. Kitambaa ni yao, na mchwa habajalalamika.

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Aliteka maji kwa kiganja, akayamwaga kwenye pua ya mtumbwi, akamtafuta dada yangu kwa macho mpaka akamwona kati ya wenzake, miguu imejaa vumbi jekundu.

—Nilisema neno moja, akasema. Neno ni Baraka. Jumatatu asubuhi yaya yako atakubebea mukeka.

Dada yangu hakupiga kelele. Alikifunga kitambaa kichwani, polepole, akakaza fundo, kisha akajaza bakuli la nyama na bugali, akatoka kwenye kicheko cha watu kwenda kumpelekea mtu wa Kazimia. Alikuwa amekaa mbali kidogo, kwenye mchanga. Alikuwa ametufuata nyuma njia yote, koti begani. Nilikuwa karibu, nikasikia.

—Kula, dada akamwambia. Majuma matatu, nitarudi. Ungoje.

Alilipokea bakuli kwa mikono miwili, kwa adabu. Akaliweka juu ya mchanga. Akasimama, akalikung'uta koti, akalivaa, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja, na akaanza kutembea ukingoni mwa maji kuelekea kusini, upande wa kwao Kazimia. Hakukimbia, hakutukana. Mimi nilidhani anakwenda kujisaidia kwenye matete. Nikamwekea mkono juu ya bakuli, nzi wasije. Nikamwona anapita matete, anapita mitumbwi ya jirani, koti linakuwa dogo, na hakugeuka nyuma hata mara moja, kama alivyozoea, na hatukumwona tena.